Bibi Mazingaombwe na paka Kaniki: kisa cha kitabu kilichotafutwa kwa jina lisilo lake

Dada aliyekuja kibandani kwangu Mwanjelwa mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, hakuwa na haraka ya kununua. Alisimama pembeni akawaacha wanafunzi wawili wamalize kunibana bei ya kitabu cha baiolojia, ndipo akasogea na kuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia dawa ya aibu, "Samahani kaka, una Bibi Mazingaombwe?"

Sikuwa nacho. Sikuwahi hata kukisikia, na huu ni mwaka wa kumi na nne nauza vitabu vya zamani. Lakini namna alivyolitamka lile jina, bila kusita, kama unavyomtaja jirani, ilinifanya nitoe daftari. Kisa chenyewe kilikwenda miezi minne. Nakiandika chote, pamoja na mahali nilipochemsha, maana swali la "kuna kitabu nilisomewa utotoni" huwafikia walimu, wakutubi na sisi wa vibandani mara kwa mara, na naamini wengi hulijibu vibaya kama nilivyolijibu mimi.

Alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Tukuyu. Alichokumbuka ni hiki. Kitabu ni cha picha na ni cha Kiswahili. Bibi mmoja anaishi kwenye nyumba nyeusi tititi na paka mweusi aitwaye Kaniki. Kwa kuwa paka na nyumba ni rangi moja, bibi hamwoni, anamkalia, anajikwaa kwake. Siku moja anaghadhibika, anamgeuza rangi. Mambo yanaharibika zaidi. Bibi anaangukia kwenye shamba la chai. Mwishowe paka anakuwa wa rangi rangi kama kitenge, anapanda juu ya mti kwa aibu, na ndege wanamcheka. Baba yake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akimsomea usiku, yeye akiwa darasa la kwanza, mwaka 1994 au 1995. Mzee alifariki 2011, na sasa dada ana mtoto wa miaka sita ambaye kila akisimuliwa habari za Kaniki anataka aone picha.

Nilimuuliza, "Kwa hiyo ni kitabu cha mchawi?"

Akarudisha kichwa nyuma. "Hapana kaka. Siyo mchawi. Ni bibi tu, ana mazingaombwe yake."

Nikaandika kwenye daftari: Kiswahili, siyo mchawi. Nikapiga mstari chini ya yote mawili.

Miezi miwili iliyofuata siwezi kujisifia. Niliwatafuta wenzangu wenye maboksi ya vitabu vya shule, nikachakura vya Tanzania Publishing House, nyumba iliyoanzishwa 1966, nikahamia vile vilivyotoka chini ya Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991, kwa kuwa miaka ilikaribiana. Nilipita Maktaba ya Mkoa, nikakaa kwenye viti vya watoto magoti yakinigusa kidevu. Nilimpigia hata mwenzangu wa Iringa ambaye huchukua mzigo kutoka shule za Mufindi, na hapo nilijiona nina akili sana: mwandishi gani angemwangusha bibi kwenye chai kama si mtu wa Rungwe, Mufindi au Lushoto? Chai ndiyo ilikuwa ushahidi wangu mkubwa kwamba kitabu ni cha nyumbani. Nilimtafuta Mnyakyusa au Mhehe aliyeandika hadithi za watoto. Nikapata hadithi za sungura, fisi, mazimwi na mtoto mtiifu aliyenusurika. Bibi mwenye paka, hakuna.

Dada alirudi siku za Nanenane, yeye na mtoto wakitokea viwanja vya John Mwakangale, mtoto ameshika kifaranga kwenye boksi. Sikuwa na jipya la kumpa. Kwa kujitetea tu nikaacha kuuliza habari za kitabu, nikauliza habari za baba yake. Alikuwa anakaa wapi akisoma? Kwenye ukingo wa kitanda. Taa ipi? Chemli. Wewe ulikuwa unafanya nini?

"Mimi? Kazi yangu ilikuwa kumtafuta Kaniki. Baba alikuwa anasogeza chemli mpaka tunasikia harufu ya karatasi kupata moto, maana mle ndani ya nyumba ya bibi ni giza ukurasa mzima. Paka akifumba macho humwoni kabisa. Akifumbua unaona macho mawili ya kijani. Nikiyaona napiga kelele, baba anafungua ukurasa."

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na ni jambo la wino. Vitabu vya watoto vya Kiswahili vya miaka ile, vile vilivyopita mikononi mwangu, vingi vina rangi kwenye jalada tu. Ukifungua ndani ni michoro ya kalamu kwenye karatasi nyeupe, labda na rangi moja ya kuongezea. Wino ni pesa. Mchapishaji anayehesabu senti hawezi kuumwaga mweusi ukurasa mzima ili mtoto atafute macho ya paka. Aliyefanya vile alikuwa na mashine nzuri, karatasi nzito na wanunuzi wa uhakika, na kwa mwaka ule mtu huyo hakuwa Dar es Salaam wala Ndanda kwa wamisionari. Kitabu kilitoka nje. Na kama kilitoka nje, basi Kiswahili chake hakikuwa kwenye karatasi. Kilikuwa kinywani mwa mwalimu.

Nilifuta ile mistari miwili kwenye daftari, nikachukua simu, nikaandika kwa Kiingereza: mchawi, nyumba nyeusi, paka mweusi. Sekunde chache.

Kitabu kinaitwa Winnie the Witch. Maneno ni ya Valerie Thomas, picha ni za Korky Paul, kilitolewa na Oxford University Press mwaka 1987 na mwaka huohuo kikapata tuzo ya vitabu vya watoto huko Uingereza. Wala hakijasahaulika: kimezaa mfululizo mrefu, na bado kinauzwa. Waliokisahau ni sisi. Kuna jambo moja linalowapoteza wanaokitafuta madukani leo, nalo ni kwamba tangu 2016 mfululizo wote umebadilishwa jina ukawa Winnie and Wilbur, yaani paka amepandishwa cheo akaingia kwenye jalada. Wilbur ndiye Kaniki. Na jingine lililonifurahisha mimi binafsi: mchoraji amezaliwa Harare, mwaka 1951, wakati mji huo ukiitwa Salisbury. Nilimtafuta Mufindi kumbe nilitakiwa kuvuka Zambezi.

Mtu fulani amejirekodi akikisoma kwa sauti. Nikampa dada simu. Mtoto akabandika shavu kwenye bega la mama yake, wakatazama. Kila kitu kilikuwemo: nyumba nyeusi, zulia jeusi, kitanda cheusi chenye mashuka meusi, mpaka bafu jeusi. Paka akageuzwa kijani, akatolewa nje kwenye majani, akapotea tena kwenye majani. Kisha ile karaha kuu, kichwa chekundu, mwili wa njano, mkia wa pinki, masharubu ya buluu na miguu minne ya zambarau. Juu ya mti, ndege wanacheka. Mtoto alipiga kelele.

Mama yake hakupiga. Alirudisha simu taratibu. "Ndicho," akasema. "Lakini sicho. Na pale kwenye chai mbona ameangukia maua?"

Ni kweli. Kwenye kitabu Winnie anajikwaa kwa paka wa kijani, anapinduka mara tatu na kutua kwenye kichaka cha mawaridi. Chai haipo popote. Nikasema pengine mzee alibadilisha, kama alivyobadilisha mengine, maana mtoto wa Tukuyu wa mwaka 1994 mawaridi angeyajulia wapi, na chai ipo mpaka kwenye kingo za barabara. Akakubali nusu nusu. Ningeweza kumwagizia nakala nikaishia hapo, ningepata na faida kidogo. Lakini alichotaka kilikuwa kile kilichonusa moto wa chemli, nami nikamwambia aulize nyumbani, huenda kipo. Nikamwelekeza na namna ya kuuliza. Nikasema, na hili ni kosa langu la pili na kubwa kuliko la kwanza, "Waambie unatafuta kitabu cha baba cha Kiingereza, cha mchawi."

Shangazi yake anakaa kwenye nyumba ya marehemu, juu ya Tukuyu mjini. Ni mama wa kanisa, Mmoraviani wa ukoo, na Wamoraviani wako Rungwe tangu 1891, kwa hiyo usidhani ni mtu wa kutaniwa taniwa. Dada alimsalimia vizuri, shikamoo ikaitikiwa, kisha akauliza kama alivyoelekezwa. Kimya. Halafu: "Mwanangu, kaka yangu ulimwona lini na kitabu cha mchawi? Baba yako alikuwa mzee wa kanisa!" Simu ikakatwa. Kufika jioni kaka mkubwa aliyeko Makambako ameshapiga, sauti juu, anataka kujua ni nani amemwambia dada yake kwamba mzee aliacha kitabu cha uchawi. Kesho yake habari ilikuwa imefika Kyela. Neno moja tu, tena langu, siyo lake.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo kisa kilipo.

Kamusi zitakwambia mwanamke yule wa Kiingereza mwenye kofia ya ncha ni mchawi. Kwa mtihani ni sawa. Lakini mchawi wetu hana kofia wala hapandi ufagio. Husafiri kwa ungo, magazeti ya udaku hayachoki kutangaza aliyeanguka nao alfajiri. Kitu cha kuogofya zaidi ni kwamba hana alama. Anafanana na shangazi yako. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na mumewe Godfrey kwenye vijiji vya Wanyakyusa miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake Good Company mwaka 1951, alieleza walichoamini watu wa huko: abalosi, yaani wachawi, wana chatu tumboni, wanatoka usiku ndotoni kwenda kula nyama ya watu na kukausha maziwa ya ng'ombe, na kijiji kina walinzi wake wanaowaona na kupigana nao hukohuko ndotoni. Mtu wa namna hiyo hachoriwi akiwa na soksi za mistari. Mtu wa namna hiyo ananong'onwa, anahamishwa kijiji, na kuna mahali anauawa, mara nyingi akiwa bibi kizee ambaye macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini. Tuna Sheria ya Uchawi tangu 1928, Sura ya 18, na haimgusi tu anayejidai kuroga. Inamgusa pia anayemnyooshea mwenzake kidole na kumwita mchawi.

Sasa mwambie mzee wa kanisa, mwalimu, amsomee binti yake wa miaka saba hadithi inayoanza kwa kusema mchawi anaishi na paka wake, tena huyo mchawi ndiye wa kupendwa. Asubuhi mtoto ataenda shuleni na kusema baba amenisomea habari za mchawi mzuri. Unaona hatari yake. Kwa Kiingereza neno lile limeshatolewa meno. Kwa Kiswahili bado linauma. Na dada alipokataa kwa kichwa chote pale kibandani, "siyo mchawi", hakuwa amesahau. Alikuwa anasema kweli kabisa ya kitabu alichosomewa. Mimi ndiye niliyeandika jibu lake kama jambo la kitabu, wakati lilikuwa jambo la msomaji.

Ilibidi kwenda kuomba radhi ana kwa ana. Nilifunga kibanda Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, kwa kuwa aibu ilikuwa yangu, tukapanda kosta, tukakata kulia pale Uyole, na kabla ya Kiwira mvua ikatupokea kama kawaida yake. Dada amebeba kilo mbili za sukari na kitenge. Shangazi alitukaribisha ndani, mkono mmoja umeshika mwingine, uso haufunguki. Tukaletewa mbalaga, zile ndizi za kupika, na maziwa ya mgando. Tukala kimya. Nilianza kujieleza nikakatizwa na dada, na afadhali alinikatiza.

"Shangazi, mimi sikuuliza vizuri. Namtafuta Kaniki."

"Kaniki gani?"

"Kaniki. Paka wa Bibi Mazingaombwe."

Mama yule alijishika mdomo. Kisha mabega yakaanza kutikisika. "Mwe! Yule paka mjinga? Yule wa juu ya mti?" Akacheka mpaka akafuta macho kwa pembe ya khanga. "Huyo si yuko kwenye sanduku la mitihani! Kaka alinisomea hata mimi, nikiwa mgonjwa wa malaria. Sasa uchawi umetokea wapi?"

Sanduku ni la bati, la bluu, limejaa vyeti, risiti za kodi ya kichwa na madaftari ya maandalio ya masomo. Kitabu kilikuwa chini kabisa, kimefungwa kwenye gazeti. Nakieleza kama ambavyo ningemweleza mnunuzi. Jalada laini, kona mbili zimeliwa na panya. Uti umeshonwa upya kwa uzi wa gunia, kazi safi, mishono mitano. Muhuri wa shule umefifia. Ukurasa mmoja una doa la duara la kahawia, karatasi imekauka na kujikunja, na ukilinusa bado lina moshi kwa mbali, au nilijidanganya kwa sababu nilishaambiwa. Kwa bei ya kibandani, elfu tatu. Nisingemwonyesha mtu yeyote.

Kilichonikalisha chini kwenye mkeka ni penseli.

Mwalimu hakuandika tafsiri nzima. Sehemu kubwa aliitoa kichwani, sentensi kwa sentensi, akimwangalia mtoto. Aliandika juu ya maneno machache tu, yale aliyotaka yasimponyoke gizani. Juu ya kila Wilbur ameandika Kaniki, kile kitambaa cheusi cha shamba, na sijui mfasiri gani wa kulipwa angefikia hapo. Juu ya kila Abracadabra, yaani pale kifimbo kinapotikiswa, ameandika mazingaombwe, ndiyo sababu mtoto alikua akidhani ndilo jina la mwenye nyumba. Na kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya neno witch, kuna maneno matatu. La chini kabisa limefutwa kwa kidole chenye mate, karatasi imechubuka, lakini ukiinamisha kitabu kwenye mwanga wa mlango unalisoma: mchawi. Pembeni yake, limekatwa kwa mstari mmoja: mganga. Juu yao, kwa mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima: bibi. Kuanzia hapo mpaka mwisho ni bibi, bila kusita tena.

Nimesoma hoja nyingi za wataalamu kuhusu kutafsiri vitabu vya watoto. Nyingine huona mtu kama huyu amepunguza chumvi, ameficha jambo, hakuwa mwaminifu kwa matini. Mimi nimeiona ile karatasi iliyochubuka. Alilijaribu neno sahihi la kamusi, akalisikiliza ndani ya nyumba yake, akalifuta. Akajaribu la heshima, akaona mganga ana kibuyu na ada, siyo huyu anayejikwaa kwenye paka wake. Akabaki na neno ambalo mtoto alishakuwa analo, la mtu mzee anayepikia kwenye moshi na kusahau alipoweka vitu. Na kwa kuwa alilichagua vizuri, miaka thelathini baadaye hakuna aliyeweza kukipata kitabu kile kwa jina jingine.

Kwa wenzangu wa vibandani na maktabani, nilichobadilisha kwenye daftari langu ni kidogo. Siulizi tena kichwa cha kitabu kwanza, wala lugha. Nauliza nani alikishika, mwanga ulitoka wapi, na wewe ulikuwa unafanya nini kurasa zikifunguliwa. Mtu akikataa neno langu nalibakiza kwenye daftari na kuandika kwamba amelikataa.

Ilibaki chai. Tulifungua ukurasa wa mawaridi, dada akiwa na uhakika kwamba tutakuta penseli ya baba. Hapakuwa na kitu. Pembezoni safi, neno la Kiingereza limekaa peke yake na picha ya miguu ya bibi ikiwa juu. Dada akageuza kurasa mbele na nyuma. "Mbona nakumbuka kabisa? Aliangukia kwenye chai, ikamchoma."

Shangazi alikuwa anakusanya sahani. "Bibi hakuangukia chai," akasema. "Uliangukia wewe. Siku umekimbia na hicho kitabu kumfuata baba yako shambani, chai imetoka kukatwa, vijiti vimesimama kama misumari. Ulilia mpaka kwa mjumbe wakasikia."

Dada hakujibu. Alikunja mkono wa sweta, akaugeuza mkono kuelekea mlangoni kwenye mwanga, akawa anatafuta kwenye kiwiko.